Waranti ya miezi 18, betri ya miezi 11

Nimetoka madukani Mwembe Tayari, Mombasa, nimekasirika, kwa hiyo mnivumilie.

Jumamosi asubuhi mimi na binamu yangu tuliibeba betri ya sola ya shangazi, ile ya volti 12, 200Ah (ampea-saa, yaani kipimo cha chaji inayobeba), tukaipakia kwenye tuktuk. Kilo karibu 60. Dereva aliiangalia betri, akaangalia springi zake, akapandisha nauli. Shangazi alikaa nyuma amekumbatia bahasha ya waranti. Miezi 18, na karatasi ameipiga laminesheni kabisa. Betri yenyewe ilikuwa na miezi 11.

Kijana wa dukani alikuwa na adabu zake, siwezi kumsingizia. "Shikamoo mama, karibu." Akafungua vifuniko vyote sita, akatumbukiza haidromita, kile kipima uzito wa asidi, tundu baada ya tundu. Kote kiboya kililala kwenye 1.150 hivi, na betri iliyojaa husoma kama 1.270. "Mama, hii imenyonywa mpaka mwisho. Waranti haigusi betri iliyonyonywa."

Imenyonywa! Kwani ilinunuliwa ipambe sebule?

Ila, na inaniuma kuandika haya, kijana hakukosea. Lingekuwa tundu moja limelala na matano yako juu, hilo ni kosa la kiwanda na waranti ingekuwa na kazi. Sita zikishuka pamoja, aliyeziua ni mtumiaji. Shangazi anauza barafu za ukwaju. Stima ikipotea usiku friza haizimwi, na inveta inaachwa ivute mpaka ipige kelele ikate yenyewe, volti zimeshashuka chini ya kumi na moja. Betri ya risasi (ile metali nzito, si ya bunduki) kama hii, iliyopumzika, ikisoma volti 12.1 ujue nusu imeshakwenda, na hapo ndipo pa kuzima. Ukiilaza tupu mara kwa mara, salfati, ile chumvi ya risasi, inaganda kwenye mabamba yake na hakuna chaji itakayoibandua.

Sasa nusu ya 200Ah, kwa volti 12, ni wati-saa 1,200 tu. Friza, feni, runinga, taa za barazani, zote mpaka alfajiri? Haifiki. Siku ya kununua nani alimpigia shangazi hesabu hiyo? Alipigiwa hadithi ya miezi 18, naye akaondoka akiamini huo ndio umri wa betri. Wauzaji wanajua watu wanaelewa hivyo, na wanawaacha waelewe hivyo.

Nikaisoma ile karatasi pale pale, na jasho linanitoka, mpaka maandishi ya chini yaliyo kama sisimizi. Betri ikae kwenye nyuzi 25. Mombasa! Jikoni, chini ya mabati, mwezi wa Februari! Betri ya risasi hupoteza kama nusu ya umri wake kwa kila nyuzi 8 hadi 10 zinazozidi hapo. Hiyo waranti imeandikiwa mtu wa Limuru kwenye baridi. Sisi tuliuziwa laminesheni.

Mtaniambia ninunue lithiamu. Ni kweli, hiyo unaweza kuinyonya asilimia 80 ya chaji yake na isikasirike. Pesa mtanichangia?

Miye siku hizi nikienda kununua nauliza waranti mwisho. Kwanza natafuta tarehe ya kiwanda iliyogongwa kwenye kasha, kwa sababu betri iliyolala rafuni mwaka mzima imeanza kufa kabla hujaandikiwa risiti. Halafu naiinua: inayodai 200Ah na binamu yangu anaibeba peke yake akiimba, irudi rafuni. Na nachukua ya kumwagia maji ya betri, si iliyozibwa, angalau siku ya ugomvi tutaangalia tundu zote sita pamoja.

Nilikuwa nishamshika shangazi mkono tuondoke, kijana akasema, kwa upole uleule, kwamba ile mbovu wanaweza kuipima watupunguzie kwenye mpya. Yaani kwa waranti haina thamani, kwa risasi iliyomo ndani inayo. Nikakumbuka watu wa mtaa wa Owino Uhuru na kile kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilichowatia sumu ya risasi mwilini, mpaka mahakama hapa Mombasa ikaamuru mwaka 2020 walipwe shilingi bilioni 1.3. Nikamuuliza, kutoka hapa inakwenda wapi?

Kijana akaangalia mizani.

Shangazi hakungoja jibu lake. "Kilo moja mnachukua pesa ngapi?"