Sumu Ipi?

Mwezi uliopita nilimsindikiza shangazi kwenye kliniki moja ya tiba mbadala hapa Dar. Chumba safi, kiyoyozi kinapuliza, ubani unafuka kwenye kona. Kijana wa koti jeupe akampa kijiti cha chuma akishike, waya wake umeingia kwenye laptopu. "Tulia mama, usiongee." Haikupita dakika, printa ikatema karatasi nane: ini, figo, kongosho, mifupa, hadi hali ya ngozi. Wenyewe wanakiita kipimo cha mwili mzima. Kijana akapitisha kalamu kwenye mistari myekundu, akatikisa kichwa.

"Mwili wako una sumu nyingi sana, mama."

"Sumu ipi, mwanangu?"

Kijana akababaika. Akasema ni sumu tu, za vyakula, za hewa, za mawazo. Kisha akataja dozi ya siku tisini, na bei yake ilikuwa karibu sawa na kodi ya chumba cha shangazi ya miezi mitatu.

Mimi si wa kudharau dawa za miti. Nimekulia Pangani, nimefukizwa nikiwa na homa, nimekandwa kwa maji ya moto na mafuta ya nazi nilipoteguka mguu. Tena dawa mseto tunayomeza kwa malaria ina kiungo chenye asili ya mmea wa jamii ya pakanga, na Tu Youyou wa China alipewa Nobel mwaka 2015 kwa kugundua kiungo hicho humo. Kinachonikera mimi ni maneno.

Uganga wa zamani ulikuwa na vitenzi vinavyojieleza. Kukanda, kuchua, kufukiza, kuchanja, kuumika, kupunga. Ukisikia neno, unajua kitakachokufika. Mzee aliyekuwa akiumika pale mtaani kwetu alikuwa na chuku, pembe ya ng'ombe iliyotobolewa ncha. Anakuchanja mgongoni, anaibandika, anavuta hewa kwa mdomo, kisha anaziba tundu kwa nta. Damu nzito inajaa taratibu. Leo wanaita hijama, vikombe ni vya plastiki na vina pampu, bei imepanda, lakini kazi ni ileile. (Na ndiyo, kupiga chuku kwa maana ya kutia chumvi kwenye habari kunatokana na pembe hiyohiyo. Waswahili walishaona mbali.)

Hata kombe lilikuwa na uwazi wake. Mwalimu anaandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, anaisuuza kwa marashi, unakunywa. Hakuna aliyekudanganya kwamba ameona kongosho lako. Ilikuwa dua, na uliinywa kama dua.

Siku hizi maneno yamelegea. Chukua "mganga". Serikali ina Mganga Mkuu, hospitali ina mganga mfawidhi, na nguzo ya umeme nje ya geti ina tangazo la mganga anayerudisha mpenzi kwa saa mbili. Waingereza ndio waliozidisha vurugu kwa kumwita mganga wetu daktari wa uchawi, wakati kwa Mswahili mganga na mchawi ni maadui. Mwaka 2015, kwa sababu ya mauaji ya watu wenye ualbino, serikali ilipiga vita wapiga ramli, na likashika neno ambalo nalipenda kwa ukali wake: ramli chonganishi. Ramli kwa asili yake ni mchanga tu, wa kuchora na kusoma. Kivumishi kile kilitaja kosa lenyewe. Hivyo ndivyo lugha inavyotakiwa kufanya kazi.

Sheria nayo ilijitahidi. Ile ya mwaka 2002 inatenganisha tiba asili, yaani ya kwetu, na tiba mbadala, yaani iliyotoka kwingine kama homiopathi ya Wajerumani. Mtaani yote yameshakuwa "asili", na "asili" imeshakuwa "haina madhara". Mbegu za mnyonyo ni asili tupu, na zinaua.

Nakumbuka kikombe cha dawa cha Babu, yule mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, kule Samunge, Loliondo, mwaka 2011. Shilingi 500, foleni za magari za kilomita nyingi. Wapo waliofia njiani, wapo walioacha ARV, na hilo silisamehe. Ila Babu mwenyewe hakujificha nyuma ya maneno. Alisema Mungu alimwonyesha mti, anauchemsha, unakunywa kikombe kimoja. Uliweza kuamini au kukataa, kwa sababu ulijua hasa unaambiwa nini.

Sasa nipe maana ya kusafisha nyota. Nyota ilikuwa neno la wanajimu, leo inauzwa sabuni ya kuiogea. Nipe maana ya kusawazisha enaji. Nipe kipimo cha "kinga imeshuka" kinachosomwa kwenye kiganja. Haya ni maneno yasiyoweza kukosea, maana hayajasema kitu. Mganga wa zamani akikuambia una pepo, alilitaja pepo kwa jina, kabila lake, hata nguo na chakula linachotaka. Naye asipokuponya, mtaa mzima utajua kashindwa.

Na sumu zipo, sibishi. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumukuvu. Sumu ile ilikuwa na jina, ilipimwa maabara, ilijulikana inatokana na ukungu wa nafaka iliyohifadhiwa vibaya. Zebaki kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu ina jina. Madini ya risasi yana jina. Uchafu mwingine wa kila siku unashughulikiwa na ini na figo bila kulipwa.

Shangazi hakununua dozi. Tulitoka tukapitia zahanati, akapimwa presha kwa ule mfuko unaobana mkono, ikaonekana iko juu, akaongezewa kidonge. Karatasi zake nane alimpa jirani anayeuza karanga, zikaishia kuwa vifungashio.

Kijana wa koti jeupe bado anampigia simu kila Ijumaa, kwa heshima zote, kumkumbusha dozi ya siku tisini. Shangazi naye anamjibu kwa upole uleule kwamba bado anasubiri jina la hiyo sumu.