Lafudhi ni nauli tu: mchekeshaji wa magharibi na jukwaa la Nairobi

Benson Wanjau alipofariki Julai 2015, nchi ilimlilia Mzee Ojwang' Hatari. Kwa miongo kadhaa alikuwa mgeni wa sebule zetu kupitia runinga ya KBC, katika vipindi vya Vitimbi na Vioja Mahakamani, mzee wa Kiluo mwenye maneno mengi na ujanja usiomfikisha mbali. Wanjau alikuwa Mkikuyu. Mary Khavere, yaani Mama Kayai, aliyegombana naye kwa lafudhi ileile ya kando ya ziwa, ni Mluhya. Baadaye akaja Captain Otoyo, ambaye akifungua kinywa tu unadhani amekulia Ahero. Jina lake ni Kazungu Matano, mtu wa Pwani. Sauti tatu za Kiluo ambazo Mkenya wa kawaida atazitaja upesi hazikutoka kwa Mluo hata mmoja.

Naanza na hao kwa sababu ugomvi kuhusu wachekeshaji na lafudhi za makabila hauishi, na sisi wa Kisumu, Kakamega na Busia ndio tunaotajwa kila unapozuka. Kuna wanaosema vichekesho vya lafudhi vinatudhalilisha na vikome. Kuna wanaosema Mkenya asiyeweza kucheka namna jirani yake anavyotamka bado ana kidonda. Naona wote wana hoja. Ila wote husahau kuuliza mchekeshaji mwenyewe analipwa kwa lipi, na anapewa dakika ngapi.

Tuwasikilize kwanza wanaolalamika, maana mara nyingi hujibiwa kwa kuambiwa wachangamke, na hilo si jibu. Mluhya wa vichekesho vya jukwaani huingia na ugali, kuku na kazi ya kulinda geti. Anasema "pado" mahali pa "bado", "kari" mahali pa "gari", na ukumbi unalipuka kabla hajasema jambo lolote. Mluo naye anasema "samba" badala ya "shamba" na kujisifia viatu. Kicheko hicho hakibaki ukumbini. Kinamfuata mtoto wa Vihiga aliyehamia shule ya Nairobi, ambaye wenzake humrudishia kila neno analosoma kwa sauti. Kinamfuata binti anayekwenda kwenye usaili wa kazi ya kupokea simu, akiwa amejizoeza wiki nzima kuificha sauti aliyorithi kwa mama yake. Anayesema huo ni utani tu hajawahi kuombwa arudie jina lake ili watu wacheke.

Kuna na jambo zito zaidi. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa 2007, na Kisumu na Nakuru zilikuwa kati ya miji iliyoumia vibaya. Siku zile, kwenye vizuizi vya barabarani, watu walitazamwa majina kwenye vitambulisho na kutakiwa wazungumze ili ijulikane ni wa wapi. Namna mtu anavyotamka iliweza kuamua kama atapita au hatapita. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, inayokataza matamshi ya chuki, ilitoka katika majeraha hayo. Haikatazi utani, wala isikataze. Lakini aliyesimama kwenye kizuizi kimojawapo ana haki ya kutocheka.

Sasa upande wa pili. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kundi la vichekesho la Redykyulass, yaani Walter Mong'are, Tony Njuguna na John Kiarie, lilifanya jambo ambalo kabla yake lingempeleka mtu pabaya. Sauti ya Rais Moi, ambayo kwa miaka 20 ilikuwa ikitoka redioni na watu wakinyamaza, ikatoka kinywani mwa Mong'are na watu wakaangua kicheko. Lafudhi iliyoigwa pale ilikuwa ya mtu mwenye mamlaka yote ya nchi. Woga wa watu ulipungua kwa kumsikia akiigwa, na sidhani kuna hotuba ya upinzani iliyofanya kazi hiyo upesi namna ile. Asiyetaka lafudhi iguswe kabisa angetunyima hata hilo.

Tena kuna kipindi cha runinga cha Papa Shirandula. Charles Bukeko, mzaliwa wa Busia aliyefariki Julai 2020, aliigiza Mluhya mlinzi wa geti, yule yule anayelalamikiwa. Lakini mlinzi wake alikuwa na mke aliyefichwa kazi halisi ya mumewe, na aibu iliyomfanya aseme uongo na aukimbie uongo wake mwenyewe. Watu wa kwetu walimpenda. Walimpenda kama walivyompenda Ojwang', na sababu ni moja: mhusika alikuwa na nyumba, deni, hila na mtu wa kumjibu. Lafudhi ilikuwa yake, naye alikuwa zaidi ya lafudhi.

Hapo ndipo mchekeshaji wa kusimama peke yake na maikrofoni anapopata taabu ambayo Wanjau na Bukeko hawakuipata. Hana Mama Kayai wa kumjibu, hana sebule, hana kisa cha wiki iliyopita. Ana dakika chache, na mbele yake wamekaa watu wasiomjua. Churchill Show, kipindi cha runinga cha Daniel Ndambuki, imewafungulia njia wachekeshaji wengi kuliko jukwaa lingine lolote nchini, na ilitoka Nairobi ikaja kurekodi hata katika miji yetu. Natoa heshima hiyo bila kusita. Hata hivyo runinga hula upesi. Marekani mchekeshaji huzunguka na onyesho moja la saa nzima kwa miezi mingi, akilipunguza hapa na kulinoa pale, ndipo kamera iwashwe. Huku kwetu kijana hutunga vichekesho vya dakika chache, vikarushwa usiku mmoja, na kesho yake nchi nzima imeshavisikia. Hawezi kuvirudia. Wiki ijayo anatakiwa na vipya.

Katika kuliwa huko kuna kitu kimoja kisichoisha, nacho ni lafudhi. Kichekesho cha juzi kimechakaa, lakini ile "samba" bado inafanya kazi, na mwakani itafanya kazi. Kwa hiyo kijana aliyetoka Siaya na vichekesho vya kila aina hugundua baada ya miezi sita kwamba kinachomrudisha jukwaani ni sauti yake ya nyumbani, iliyotiwa chumvi. Lafudhi ni nauli: ilimfikisha Nairobi, na sasa anaitoa kila siku bila kujua safari inaelekea wapi.

Mapato nayo yanamsukuma kulekule. Mchekeshaji wa ukanda huu haishi kwa tiketi. Anaishi kwa uemsii, yaani kuongoza hafla za watu: harusi, mahafali, ufunguzi wa duka, mapigano ya fahali Kakamega, na zaidi ya yote mikutano ya siasa. Anayelipa hataki kuchekwa. Ukimtania mheshimiwa kuhusu barabara aliyoizindua mara mbili, hutaitwa tena. Ukimtania Mluhya na ugali wake, hakuna atakayekunyima kazi, maana kabila zima halitoi hundi. Siamini kwamba vijana wetu ni waoga kuliko Redykyulass. Redykyulass walikuwa na kipindi chao. Hawa wana siku ya Jumamosi na mwenye hafla aliyesimama pembeni na bahasha. Wengine wameuvuka mstari wenyewe wakawa waheshimiwa: Kiarie alichaguliwa mbunge wa Dagoretti Kusini 2017, na Felix Odiwuor, Jalang'o wetu, akachukua Lang'ata 2022. Siwalaumu. Nasema tu kwamba aliyekuwa akichekesha wenye nguvu anapohamia upande wao, jukwaa linabaki na pengo.

Na hata aliyefaulu hana mto wa kulalia. Mchekeshaji Akuku Danger alipolazwa, mwanzoni mwa 2022 wenzake walizunguka wakichangisha pesa za hospitali. Othuol Othuol, aliyejitania sura na lafudhi yake kwa ujasiri mkubwa, aliugua muda mrefu na kufariki Oktoba 2020. Fred Omondi alikufa kwa ajali ya barabarani Nairobi Juni 2024, akaletwa kuzikwa Siaya. Tuliwacheka wote. Ninapoandika kuhusu kazi yao sitaki isahaulike kwamba ni kazi, yenye usafiri wa usiku na isiyo na malipo ya ugonjwa.

Sasa tuje Kisumu. Nimemwona kijana mmoja, aliyejipatia jina huko Nairobi, akipanda jukwaa la klabu ya mjini siku ya Ijumaa, mpira ukiendelea ukutani bila sauti. Alianza na yaliyompa umaarufu: sauti nzito, kifua mbele, majivuno ya viatu. Kimya. Mhudumu alikatiza mbele yake na sinia ya chupa bila hata kuinama. Watu hawakukasirika; walikuwa wanamsikia mtu anayeongea kama wanavyoongea wenyewe kila siku, na hawakuona cha kuchekea.

Akasita, akanywa maji, akaacha sauti ile. Akaanza kusimulia kamati ya mazishi. Marehemu alipokuwa hospitali, kila aliyepigiwa simu alikuwa kwenye mkutano. Alipokufa, watu wale wale wakapata pesa za hema, spika, fahali na fulana zenye picha yake. Mjomba aliyeshindwa kutuma elfu mbili za dawa ndiye aliyelia kwa sauti kubwa kuliko wote, huku akichungulia kama mpiga video amefika. Meza ya nyuma ikaanza kupigwa makofi. Mama mmoja alifunika uso kwa kitambaa, mabega yakitikisika, na sijui kama alikuwa anacheka tu.

Ile ndiyo hoja yangu kwa wote wawili, anayetaka lafudhi ipigwe marufuku na anayeitetea. Nyumbani lafudhi haina kazi, kwa hiyo mchekeshaji analazimika kutazama. Anaona kamati ya mazishi, anaona mjomba. Kichekesho kile kilikuwa kikali kwetu kuliko chochote cha "samba", na kilikubaliwa, kwa sababu kilitukuta tukifanya jambo tunalolifanya kweli. Na nina hakika kingechekesha Nyeri pia, maana huko nako wajomba wapo.

Lakini klabu ile haikumlipa anavyolipwa Nairobi, na hapo anayesema "kaeni nyumbani" hana jibu. Wapo wanaochagua redio za lugha ya mama, Ramogi, Nam Lolwe, Mulembe, Sulwe, na huko kazi nzuri sana inafanyika. Tatizo ni kwamba kichekesho cha Kiluo hakivuki Kericho.

Simu nayo imebadilisha hesabu, ingawa si kwa kiasi tunachoambiwa. Njugush, jina lake Timothy Kimani, alijenga wafuasi mtandaoni kisha akawapeleka ukumbini na mkewe Celestine Ndinda katika maonyesho ya TTNT (Through Thick and Thin), vichekesho vya ndoa na pesa ambavyo havimtegemei mtu wa kabila lolote. Crazy Kennar, Kennedy Odhiambo, huigiza watu wengi peke yake, mwalimu, makanga, mzazi, na unawatambua kwa tabia zao. Kijana anaweza kufanya hayo akiwa Mumias. Serikali imeshayaona mapato hayo, kwani Sheria ya Fedha ya 2023 inakata asilimia 5 ya malipo ya maudhui ya mtandaoni. Hata hivyo video fupi ina ugonjwa wa runinga, tena umezidi. Ikiwa dakika chache za jukwaani zilimfanya mtu akimbilie lafudhi, sekunde 3 za kumzuia mtazamaji asipitilize zitamfanya nini? Fungua simu jioni utazame, jibu liko hapo.

Kwa hiyo naelekeza macho Nakuru. Mji ule, uliopewa hadhi ya jiji Desemba 2021, hauna kabila moja la kulifurahisha. Ukumbini amekaa Mkikuyu, Mkalenjin, Mluo, Mluhya na Mkisii, na wazee wao wanakumbuka Januari 2008. Una Nakuru Players Theatre, jukwaa la tangu enzi za ukoloni, na ndiko anakotoka mchekeshaji Professor Hamo. Pale kichekesho cha lafudhi hupimwa na mwenye lafudhi mwenyewe, aliyekaa safu ya tatu. Kikiwa na dharau, uso wake utaonekana. Sioni mahali pengine Kenya panapofaa zaidi kumkuza mchekeshaji.

Ninachokiomba kwa wanaoandaa maonyesho Nakuru, Kisumu na Kakamega si pesa nyingi, ingawa pesa zinahitajika. Ni muda. Punguzeni majina kwenye bango kutoka kumi hadi matatu, na kila mmoja mumpe dakika 20, mwezi hadi mwezi, bila kurekodi. Lafudhi ya mtu huzoeleka kufikia dakika ya tatu. Baada ya hapo ana 17 za kujaza, na hawezi kuzijaza bila kutueleza aliyoyaona.