Dijitali ya Ireland: waliohesabu chaneli walihesabu nusu

Tarehe 24 Oktoba 2012 Ireland ilizima mitambo ya analojia ya runinga. Siku hiyohiyo, ng'ambo ya mpaka, Ireland Kaskazini nayo ilizima, ikiwa eneo la mwisho la Uingereza kufanya hivyo, na kisiwa kizima kikahamia dijitali kwa pamoja. Tathmini nyingi kuhusu upande wa kusini hurudia lawama ileile: walichelewa, walivuruga zabuni, na mwisho wa yote wakampa mwananchi king'amuzi chenye chaneli zisizofika kumi, wakati jirani zao Waingereza walikuwa nazo kwa makumi.

Lawama hiyo ina ukweli, na sitaupunguza. Ila nadhani inaanza kuhesabu mahali pasipo sahihi.

Nianze na yaliyoharibika. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 jaribio la kuleta dijitali ya ardhini, yaani inayorushwa kutoka minarani hadi antena za nyumbani, kwa mtaji binafsi lilifia mezani. Agosti 2006 serikali ikaanza majaribio mapya kwa minara miwili, Three Rock juu ya jiji la Dublin na Clermont Carn karibu na mpaka wa kaskazini. Sheria ya mwaka 2007 ikagawa kazi. RTÉ, shirika la utangazaji la umma, libebe chaneli za bure kwenye multipleksi yake, yaani fungu la chaneli kadhaa zinazorushwa kwa pamoja kwenye masafa mamoja. Multipleksi nyingine tatu apewe mwekezaji atakayeuza vifurushi vya kulipia. Julai 2008 leseni ikaenda kwa Boxer, ubia wa kampuni ya Uswidi na kundi la vyombo vya habari la Communicorp. Aprili 2009 Boxer ikajitoa. Ikaitwa OneVision iliyokuwa imeshika nafasi ya pili, mazungumzo yakaburuzwa mwaka mzima na kuvunjika Aprili 2010. Wa tatu, Easy TV, alipofuatwa alikataa. Waombaji watatu, na hakuna hata king'amuzi kimoja cha kulipia kilichofika dukani.

Uchumi ulikuwa umeporomoka, na Novemba 2010 nchi iliomba mkopo wa kuokolewa kutoka Umoja wa Ulaya na IMF. Nani angeweka fedha kwenye biashara mpya ya vifurushi wakati Sky ya setilaiti na UPC ya kebo walikuwa wameshaingia kwenye nyumba nyingi? Wakosoaji wanasema miaka hiyo ilipotea, na kwa kalenda wako sahihi. Luxembourg ilizima analojia mwaka 2006, Finland 2007, Estonia na Slovenia 2010. Tena gharama ya mnara wa mlimani haipungui sana kwa sababu tu umebeba chaneli chache, kwa hiyo chaneli zikiwa chache kila moja inabeba mzigo mkubwa zaidi. Hoja hiyo ya pili ndiyo nzito kuliko zote walizo nazo, na sijaona aliyeijibu kwa ukamilifu.

Kilichobaki mkononi baada ya zabuni kufa kilikuwa ile sehemu ya bure peke yake. RTÉ ikaijenga, ikaipa jina Saorview, ikaanza kuirusha mwishoni mwa 2010 na kuizindua rasmi Mei 2011. Neno "saor" katika Kiairishi lina maana mbili, huru na bei nafuu. Ndani yake walikuwemo RTÉ One, RTÉ Two, TV3 na chaneli yake ya pili, TG4 inayotangaza kwa Kiairishi, chaneli ya habari, ya watoto, na nyingine ya marudio baada ya saa moja. Unanunua king'amuzi mara moja, au runinga yenye king'amuzi ndani, basi. Hakuna kadi wala mkataba wa mwezi.

Sasa turudi kwenye kuhesabu. Anayesema "chaneli chache" anaifikiria nyumba ya Ireland kana kwamba haikuwa na kitu kingine juu ya paa. Nyumba hiyo haikuwepo. Tangu miaka ya 1960 watu wa pwani ya mashariki walikuwa wakielekeza antena zao Wales, na wa mpakani wakizielekeza kaskazini, kudaka BBC na ITV zilizovuka bila kualikwa. Wa kusini na magharibi hawakuwa na bahati hiyo. Hadi Novemba 1978, RTÉ ilipofungua chaneli ya pili, wao walikuwa na chaneli moja tu. Kiu hiyo ilizaa mitambo ya wanavijiji, iliyoitwa deflekta, ya kudaka matangazo ya Uingereza kilimani na kuyarusha tena bondeni. Mamlaka zilipotaka kuizima, mwaka 1997 wapiga kura wa Donegal Kusini-Magharibi walimpeleka bungeni Tom Gildea, mgombea binafsi ambaye ajenda yake kubwa ilikuwa kuitetea mitambo hiyo. Nchi inayompa mtu kiti cha ubunge kwa sababu ya antena haiwezi kueleweka kwa kuhesabu chaneli za mtambo mmoja.

Kisha mwaka 2003 BBC iliacha kufunga kwa kadi matangazo yake ya setilaiti, na ITV ikafuata. Kuanzia hapo mtu wa Kerry, kusini-magharibi mwa Ireland, mwenye dishi dogo ukutani alizipata zote bure, kama mtu wa London. Alichokikosa angani bila malipo ni chaneli za kwao. RTÉ iliingia kwenye setilaiti mwaka 2002, lakini ndani ya mfumo wa Sky na kwa kadi, kwa sababu filamu na michezo iliyonunuliwa kwa watazamaji wa Ireland haiwezi kumwagwa wazi juu ya nusu ya Ulaya. Analojia ingali hewani, antena ya zamani iliziba pengo hilo. Fikiria ingezimwa na nafasi yake isichukuliwe na kitu. Mwairishi angepata BBC bila senti, ila kutazama taarifa ya habari ya taifa lake angelazimika kujiandikisha kwa kampuni ya kulipia.

Saorview iliziba pengo hilo hilo, si kubwa zaidi wala dogo. Ndiyo maana mafundi wa dishi wa Ireland walianza kuuza kisanduku cha pamoja. Kigeuze ukiangalie nyuma: tundu moja la kuchomeka waya wa antena, na pembeni tundu la skrubu la waya wa dishi. Rimoti ni moja. Kutoka kwenye antena zinaingia chaneli za Ireland, kutoka kwenye dishi zinaingia za Uingereza, na mwenye nyumba hadaiwi na yeyote mwisho wa mwezi isipokuwa ada ya leseni ya runinga, euro 160 kwa mwaka, ambayo angeilipa hata kama angekuwa na Sky. Ukizihesabu chaneli kutoka sebuleni badala ya mnarani, lile neno "chache" halina pa kukaa.

Kwa hiyo naona kuvunjika kwa zabuni kuliwasaidia watazamaji, ingawa hakuna aliyepanga iwe hivyo. Mfumo ambao ungezaliwa na Boxer au OneVision ungekuwa na chaneli za bure zikiishi nyumba moja na vifurushi, na king'amuzi kikiuzwa na mwenye vifurushi. Sisi wa Tanzania tunajua mambo hayo yanavyokwenda. Mkataba wa Geneva wa mwaka 2006 kuhusu masafa ya utangazaji wa dijitali, ulioibana Ireland, ndio huohuo uliotubana sisi na Kenya, na Dar es Salaam ilizimiwa analojia tarehe 31 Desemba 2012, miezi miwili tu baada ya Ireland. Nakumbuka king'amuzi cha kwanza cha shangazi yangu, Tandika. Alikipenda. Kifurushi kilipokwisha, skrini ilibaki na maandishi ya kumwambia alipie, na chaneli za nyumbani ambazo tuliambiwa ni za bure nazo hazikuwepo. Alikaa siku kadhaa akisikiliza redio, akisubiri mwanawe atume fedha. Tangu hapo kipimo changu cha kuhamia dijitali ni kimoja: mtu asipokuwa na hela mwezi huu, anaona nini? Wa Ireland mwenye antena aliona kengele za Angelus, sala ya Kikatoliki, saa 12 jioni, na dakika moja baadaye taarifa ya habari, hela iwepo isiwepo.

Wapo pia wanaolaumu uamuzi wa kiufundi. Ireland ilichagua MPEG-4, njia mpya zaidi ya kubana picha, wakati chaneli za kawaida za Uingereza zilikuwa bado kwenye MPEG-2. Matokeo yake runinga iliyonunuliwa Newry, ng'ambo ya mpaka, ambako Wairishi walimiminika pauni iliposhuka, haikuweza kuonyesha picha za Saorview kama ilikuwa ya MPEG-2 pekee. Kwa aliyeinunua ilikuwa hasara ya kuuma. Lakini multipleksi zilikuwa chache, na MPEG-4 iliwezesha RTÉ Two kurushwa kwa mwonekano wa juu tangu mwanzo. Aliyeanza baadaye alipata faida ya kutolazimika kubadilisha tena upesi.

Namba inayonisumbua ni nyingine. Minara ya Saorview iliwafikia asilimia 98 ya wananchi. Penye milima mtu husifu namba kama hiyo na kuendelea mbele. Lakini Ireland ilikuwa na watu wapatao milioni 4.6 kwa sensa ya 2011, na asilimia 2 ya hao ni zaidi ya watu 90,000. Hao ni watu wa mabondeni magharibi, wa nyuma ya vilima, mahali ambapo hata analojia ilikuja na chenga. Kuwajengea minara hadi wa mwisho kungegharimu fedha nyingi mno, maana kila asilimia ya mwisho ni ghali kuliko ile iliyotangulia.

RTÉ iliwatafutia njia: Saorsat, kupitia setilaiti ya KA-SAT iliyorushwa Desemba 2010. Setilaiti hiyo inamulika Ulaya kwa miale midogo midogo kama tochi nyingi, na mmoja wa miale hiyo unaelekea Ireland. Hapo ndipo palipo na akili ya mpango wenyewe. Kwa kuwa mwale haumwagiki mbali, haki za matangazo hazivunjwi, na kadi haihitajiki. Mtu wa bondeni alipata RTÉ na TG4 bila mkataba.

Ila hakupata kila kitu. TV3 haikuwemo. Na dishi lile la zamani lililodaka BBC halikumfaa, kwa sababu KA-SAT iko mahali pengine angani na inatumia masafa ya Ka, yanayotaka kichwa chake cha pekee. Aliyetaka kila alichokuwa nacho jirani yake wa mjini ilibidi aweke dishi la pili, na bado akose chaneli moja kubwa ya taifa. Leseni anayolipa ni ileile euro 160. Nimejaribu mara nyingi kujiridhisha kwamba huo ni usawa, na sijafaulu. Ninachoweza kusema ni kwamba mpango wa kibiashara usingewapa hata hicho. Hakuna muuza vifurushi angekwenda kutafuta wateja nyuma ya kilima cha Donegal. Watu hawa walikumbukwa kwa sababu aliyejenga mtandao alikuwa shirika la umma lenye wajibu kwa wote.

Kuhusu fedha nitapita haraka. Masafa yaliyoachwa na analojia yaliingia kwenye mnada wa ComReg, mdhibiti wa mawasiliano, pamoja na masafa mengine ya simu, na Novemba 2012 ukatangazwa kuwa na thamani ya takriban euro milioni 850, nyingine zikilipwa kidogo kidogo kwa miaka. Anayeilalamikia gharama ya Saorview aiweke kando ya namba hiyo.

Hoja ya leo ni kali zaidi. Uswisi iliyohamia dijitali mapema iliizima kabisa runinga yake ya ardhini Juni 2019, na VRT, shirika la utangazaji la umma la Flanders nchini Ubelgiji, ilitangulia Desemba 2018. Sababu ilikuwa hesabu: nchini Uswisi ni karibu asilimia 2 tu ya nyumba zilizokuwa zikitegemea antena. Kwa nini Ireland iendelee kulipia minara wakati vijana wanatazama kwenye intaneti? Swali ni la haki. Lakini Uswisi ina kebo karibu kila mahali, na aliyebaki alielekezwa kwenye setilaiti ambako chaneli za umma alizipata. Nchini Ireland antena ndiyo njia pana ya kupata chaneli za nyumbani bila bili ya mwezi, kwa sababu hata intaneti ina bili yake.

Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2017 kwamba masafa yaliyo chini ya megahezi 694 yabaki kwa utangazaji hadi angalau 2030. Kampuni za simu zitarudi mezani, na zitakuja na hesabu ya Uswisi. Dublin iende na hesabu yake: antena ikizimwa, ni nyumba ngapi zitalazimika kusaini mkataba ili kuona taarifa ya saa 12:01 jioni, na ngapi kati ya hizo ziko nyuma ya kilima.