Siku ya Tatu Bila Nipa

Ramadhani ya miaka minne iliyopita mjomba wangu aliacha pombe. Aliacha kama wanavyoacha wengi huku kwetu Newala, kusini mwa Tanzania: mwezi ulipoandama alilitoa nje dumu lake la nipa, pombe kali itokanayo na mkorosho, akaoga, akaenda kuswali tarawehe, na jirani wakamshukuru Mungu kwa niaba yake. Siku ya kwanza mikono ilimtetemeka kiasi kwamba wakati wa kufuturu mkazamjomba alilazimika kumshikia kikombe cha uji. Siku ya pili hakulala. Siku ya tatu, alasiri, nilimkuta ameketi kwenye mkeka uani, jasho likimtoka ilhali kulikuwa na upepo, akiokota kitu kisichokuwapo juu ya kanga ya mkewe, kimoja baada ya kingine, kwa utulivu wa mtu anayechambua korosho. Nilipomwamkia aliniitikia kwa sauti ya chini: "Marahaba, mpwa wangu. Waambie hawa siafu watoke, mimi nimefunga."

Wazee waliokuwapo walisema ni majini. Mmoja alitaja mgogoro wa mpaka wa shamba, akimaanisha kwamba mjomba amelogwa. Tulimpakia kwenye bodaboda, dereva mbele na mimi nyuma nikimkumbatia asianguke, na hospitalini tabibu aliuliza swali moja tu kabla ya kumgusa: amekunywa lini mara ya mwisho? Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amefikiria kujiuliza hivyo, kwa sababu sisi sote tulikuwa tunafurahia kwamba hanywi.

Tangu siku ile nimekuwa na maoni ambayo huwaudhi baadhi ya watu, nami nayaandika hapa kwa utaratibu. Tunaposema "dawa za kulevya" katika mikoa hii ya Kusini huwa tunafikiria unga, yaani heroini, bangi na mirungi, vitu vinavyomfanya polisi asimamishe basi. Uraka, pombe nyingine ya mkorosho, hatuuiti dawa ya kulevya. Uraka ni msimu. Sigara ni sigara, na mtoto wa darasa la pili hutumwa dukani akanunue mbili za babu yake. Ugoro ni wa bibi. Mgawanyo huo umetoka katika sheria na mazoea, nao una sababu zake, lakini tumeugeuza kuwa kipimo cha hatari, na hapo ndipo tunapopotea.

Chukulia mkorosho wenyewe. Korosho inakwenda ghalani na kusubiri mnada, bibo, lile tunda lake lenye maji, linabaki. Mabibo yakikamuliwa, maji yake hunywewa asubuhi yakiwa matamu, na kufikia kesho yake yameshachacha na kuwa uraka, kilabu kimejaa. Uraka huohuo ukipikwa na mvuke wake ukapozwa kwenye bomba lililozamishwa majini, unapata nipa, ambayo kwingine huitwa gongo na ambayo kuitengeneza bila leseni ni kosa tangu sheria ya mwaka 1966. Kwa hakimu hivi ni vitu viwili, lakini kwa ini la mnywaji ni kilevi kilekile, tofauti ikiwa ni ukali na kiasi. Hatari ya pekee inakuja pale muuzaji anapoongezea spiriti ya viwandani yenye methanoli, ambayo mwilini hugeuka kuwa asidi inayoharibu mishipa ya macho. Mnywaji hulala akiwa mlevi wa kawaida na kuamka, pengine siku nzima baadaye, haoni vizuri au haoni kabisa.

Lakini kilichomwangusha mjomba hakikuwa sumu iliyochanganywa, wala hakikuwa wingi wa pombe. Kilimwangusha kutokuwapo kwake. Alivyonieleza yule tabibu, na nilivyosoma baadaye, pombe huipa nguvu kemikali ya ubongo inayotuliza, iitwayo GABA, na kuikandamiza ile inayochangamsha, glutameti. Ubongo unaolazwa hivyo kila siku kwa miaka haukubali kulala. Hujiongezea uchangamfu ili uweze kusimama, kama mtu anayesukuma mlango ambao mwenzake ameuegemea upande wa pili. Siku mwenzake anapoondoka ghafla, mlango unafunguka naye anaanguka kifudifudi. Mtetemeko huanza ndani ya saa chache. Degedege inaweza kuja katika siku mbili za mwanzo. Kuweweseka, kuona wadudu, homa na mapigo ya moyo yanayokwenda mbio huja kwa kawaida kati ya siku ya pili na ya nne, na asiyetibiwa anaweza kufa. Mtu aliyefunga, ambaye hajanywa maji tangu alfajiri, yumo katika hali mbaya zaidi.

Sasa mlinganishe na mtumiaji wa heroini, teja tunayemkwepa barabarani. Arosto yake, yale yanayompata akiikosa, ni mateso ya kweli: maumivu ya mifupa, kutapika, kuharisha, baridi na jasho kwa pamoja. Hata hivyo, kwa mtu mzima asiye na maradhi mengine, arosto yenyewe ni nadra kumuua, alimradi asiishiwe maji mwilini. Heroini huua kwa njia nyingine, kwa kuzima pumzi, na huua hasa yule aliyekaa bila kuitumia, mwili ukaisahau, kisha akarudi kwa kipimo chake cha zamani. Simtetei mtu wa unga. Ninachosema ni kwamba yeye angalau amepata utaratibu: tangu mwaka 2011, hospitali ya Muhimbili ilipoanza kutoa methadoni, dawa ya kumwachisha mtu heroini, nchi hii imekubali kwamba mwili uliozoea heroini huachishwa kwa dawa na usimamizi. Mnywaji wa nipa anaambiwa ajikaze kiume.

Nimeulizwa kama maana yake ni kwamba bangi haina neno. Ina neno. Kijana anayeianza akiwa na miaka 14 anachezea ubongo ambao bado unajengwa, na wapo inaowafungulia mlango wa maradhi ya akili. Lakini mikutano yetu ya vijiji huizungumza bangi saa nzima kisha watu wanatawanyika kuelekea kilabuni, na pale nje sigara zinauzwa moja moja. Nikotini hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde chache, na moshi unaoibeba unaendelea na kazi yake kwenye mapafu na moyo kwa miaka 30 bila kumlevya mtu, bila kelele, bila ugomvi. Labda ndiyo maana hatuihesabu.

Sheria sizidharau. Pombe za viroba, zile kali za vifuko vidogo, zilipopigwa marufuku Machi 2017 nilishangilia, kwa maana zilikuwa za bei ya mwanafunzi na za kuingia kwenye mfuko wa sare. Ila sheria haiwezi kumweleza mkazamjomba kwamba mume wake, ambaye kila asubuhi hutetemeka mpaka apate bilauri ya kwanza, hapaswi kuiacha pombe kwa mkupuo akiwa nyumbani bila msaada. Hilo linatakiwa lisemwe na imamu wiki moja kabla ya mwezi kuandama, na katibu wa AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima, siku ya malipo, na mhudumu wa afya ya jamii anapopita. Mtu wa namna hiyo aanzie zahanati. Hospitalini mjomba alipewa dayazepamu, dawa ya kutuliza, iliyopunguzwa siku hadi siku, pamoja na vitamini B1, ambayo walevi wa muda mrefu huwa wameishiwa. Nimewahi kutabasamu kuhusu jambo hilo: dayazepamu nayo ni dawa inayodhibitiwa, mtu hukamatwa nayo akiwa hana cheti, na ndiyo iliyomrudisha mjomba kutoka kwa siafu wake.

Alilazwa siku sita. Akarudi, akalipa saumu zake baada ya Idi, na mwaka ule hakunywa. Msimu uliofuata aliteleza kwa wiki tatu, fedha za mnada zilipoingia, na safari ile mkewe hakungoja siku ya tatu. Alimpeleka mwenyewe asubuhi ya kwanza ya kutetemeka. Siku hizi mjomba ana utaratibu wake. Wajukuu hutangulia shambani alfajiri, hutenganisha korosho na mabibo chini ya mikorosho, hupakia mabibo kwenye ndoo na kumpelekea mama mmoja wa jirani anayeyakausha, ndipo mmoja wao hurudi nyumbani kumwita. Yeye huja na gunia kuokota korosho tupu, na kama kuna bibo lililosahaulika kwenye majani, hulisukuma kwa mguu.