Kabla hujalipia nyumba, panda darini kwanza

Siku hizi watu wakinunua nyumba Dar wako makini sana na karatasi na wako sahihi kabisa, wanasachi hati ardhi, wanapita serikali ya mtaa, wanauliza majirani kama kuna kesi, ila nyumba yenyewe wanaizungukia chap chap, wanafungua bomba waone maji yanatoka, wanasifia marumaru, basi. Darini hajapanda mtu. Mi hili linaniuma kweli, maana hela ya miaka mingi inawekwa kwenye kitu ambacho mchwa keshaanza kukila.

Mchwa hali tofali. Anapita kwenye ufa wa msingi au pembeni ya bomba anapanda mpaka kwenye kenchi, yaani zile mbao zinazobeba bati, na kwa vile akikaa nje anakauka haraka anajijengea kinjia cha udongo, chembamba tu kama penseli, hicho ndo cha kutafuta. Angalia stoo, nyuma ya makabati ya ukutani, na ukuta wa nje kule chini unapogusana na udongo. Kivunje. Ukikuta wadudu weupe wanakimbia jibu unalo, ukikuta kikavu bado usifurahi maana wanaweza kuwa wamehamia njia nyingine. Alafu chukua bisibisi uchome fremu za milango pale chini kwenye sakafu, mbao nzima inagoma, iliyoliwa inazama yenyewe, coz mchwa anamaliza ndani anaacha ganda la juu na rangi yake. Na fremu zikiwa na rangi mpya wakati kuta ni za zamani, uliza kwa nini.

Darini nenda na fundi seremala wako, sio wa dalali. Jipsamu inaficha mengi sana. Kenchi nyingi ni mbao za paina kutoka Mafinga, zikitiwa dawa vizuri zinadumu, zisipotiwa ni chakula cha mchwa, na kenchi ikiliwa utaezua bati, yaani hapo unajenga upya. (Wazee wa Unguja na Lamu walijua, waliezekea boriti za mikoko ambazo mchwa hazipendi.) Muulize pia muuzaji kama msingi ulipigwa dawa kabla ya kumwaga zege la sakafu, baada ya hapo kuifikisha dawa chini inabidi utoboe sakafu.

Ukiweza nenda mvua za kwanza zikianza, mabawa ya kumbikumbi yakiwa yamelundikana madirishani kwa ndani ujue kichuguu hakiko mbali. Panya nao msiwadharau, wanatafuna nyaya za umeme na shoti inaunguza nyumba. Popo utawajua kwa harufu na madoa kwenye dari.

Ukikuta tatizo sio lazima uikimbie nyumba, mwambie fundi akupigie hesabu ya matengenezo, ipunguzwe kwenye bei na iandikwe kwenye mkataba mbele ya wakili. Ila mwenye nyumba anayekataa usifungue dari hata kidogo, mi huyo simpi hata advansi.