Bunduki ya Wenzo: Chuma Kipya Nakitaka, Kitufe Sikitaki

Bunduki ya wenzo iliyotengenezwa sawasawa haihitaji kitufe cha usalama ubavuni. Hili nimelisema mara nyingi barazani hapa Malindi, na leo naliandika kwa urefu, maana kila mazungumzo yakifika huko vijana husifu za sasa kwa upya wake na wazee husifu za zamani kwa ukale wake. Anayezungumzia kilicho ndani ni nadra.

Kwa asiyezijua: ni ile bunduki yenye mkono wa chuma uliozunguka kifyatulio kwa chini. Ukiusukuma mkono huo mbele, ganda lililokwisha kutumika linarushwa nje na nyundo inalazwa nyuma. Ukiurudisha, risasi mpya inaingia chemba, yaani chumba cha nyuma ya mtutu inamopigiwa. Risasi zenyewe zimepangwa moja nyuma ya nyingine katika bomba lililo chini ya mtutu. Benjamin Tyler Henry alitoa yake mwaka 1860, kampuni ya Winchester wakafuata na ya 1866 na ya 1873, kisha mbunifu John Browning akawabunia ya 1886, ya 1892 na ya 1894. Sisi Wakenya tumeziona zaidi katika picha za Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, aliyeshuka Mombasa Aprili 1909 akiwa na Winchester ya 1895, nayo pia ni kazi ya Browning.

Kwetu uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na kumiliki bunduki ni jambo la leseni. Naunga mkono yote mawili, wala simhimizi mtu wa hapa akatafute silaha. Naongea kama fundi. Kazi yangu ni mashine za boti za uvuvi, na bunduki hizi nimezishika na kuzifungua kwa shemeji yangu anayeishi Pennsylvania. Huko kwa miaka mingi sheria imewakataza wawindaji wa kulungu kutumia bunduki zinazojipakia zenyewe, kwa hiyo bunduki ya wenzo haijawahi kuwa pambo la ukutani. Ni chombo cha kazi, na kila msimu hutoka nayo.

Sasa kitufe. Bunduki ya zamani ina nyundo iliyo wazi nje, mbele ya macho yako. Imelala nyuma, iko tayari kupiga. Imesimama nusu, kwenye meno ya kwanza, kifyatulio hakifanyi kitu. Imelala mbele, hakuna kilichovutwa. Mtu aliye kando yako naye anaiona na anaweza kukuonya. Huo ndio usalama ninaouheshimu, kwa sababu hauna siri. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Marlin wakaanza kutoboa tundu ubavuni na kupitisha kitufe kinachoizuia nyundo isifike mahali pake. Winchester nao wakaweka chao mwaka 1992, kisha mwaka 2003 wakakihamishia juu, nyuma ya nyundo, penye kidole gumba.

Ubaya wa kile cha ubavuni ni huu. Mwindaji anavuta nyundo, analenga, anabana kifyatulio. Nyundo inaanguka kwa mlio uleule, lakini risasi haitoki, kwa kuwa kitufe kilikuwa kimesukumwa. Kulungu amekwenda zake, na hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba mtu ameshika bunduki yenye risasi ndani akidhani fataki, kile kiwashio kilicho kitakoni mwa risasi, imekataa, akaanza kupapasa. Alama mbili sasa zinapingana: nyundo inasema jambo hili, kitufe kinasema lile. Chombo cha hatari hakifai kumwambia mtumiaji maneno mawili.

Nawasikia wanaokitetea, na wana hoja yenye uzito. Kuiteremsha nyundo polepole kwa kidole gumba huku risasi iko chemba ndiyo dakika mbaya kuliko zote, hasa kwa vidole vilivyokufa ganzi kwa baridi au vilivyolowa. Hapo kizuizi kinasaidia kweli. Jibu langu ni kwamba risasi isiwe chemba mpaka wakati wa kupiga. Wenzo unaipandisha kwa kufumba na kufumbua, na hiyo ndiyo sababu ya kuwa na wenzo. Ikiwa lazima kizuizi kiwepo, basi kile cha juu, cha 2003, kina afadhali kubwa. Kidole kinakikuta bila kukitafuta na jicho linakiona.

Palipo na neema ya usasa ni kwenye chuma chenyewe, na hapa sina subira na wazee wangu. Mtu wa Malindi anajua chumvi hufanya nini. Nyumba iliyo karibu na ufuo, bawaba za mlango hazimalizi miaka mingi; wakati wa kusi hata kufuli lililo ndani hushika kutu. Ule weusi wenye ubuluu wa bunduki za zamani, unaopendwa mno, ni tabaka jembamba la kutu iliyofugwa, na bila mafuta haukingi chochote cha maana. Kitako cha mti wa walinati hunywa unyevu, hufura, kisha hukauka na kulegea pale kinaposhikana na chuma. Stenlesi na mbao za tabaka zilizogandishwa kwa gundi zinahimili zaidi, ingawa stenlesi nayo huchimbika ikiachwa na chumvi bila kuoshwa kwa maji yasiyo ya chumvi. Mafundi wenzangu wa boti watanielewa.

Hata hivyo si kila kipya ni dawa. BLR ya kampuni ya Browning ni bunduki ya wenzo ya kisasa kwelikweli: magazini, yaani kasha la risasi, inachomoka, na kufuli lake, kile chuma kinachoiziba chemba kwa nyuma, linajizungusha kujifunga, hivyo inabeba risasi zenye nguvu kubwa. Lakini mwili wake ni wa aluminiamu, na ndani yake mna vyuma. Aluminiamu na chuma vikigusana katika maji ya chumvi, aluminiamu ndiyo inayoliwa. Hayo nayatoa kila wiki katika mashine za boti, unga mweupe kuzunguka bolti. Kwa milima ya Pennsylvania ni bunduki nzuri. Kwa mwenye boti ningemwambia afikirie mara mbili.

Kuna tatizo moja la muundo wa zamani ambalo lilikuwa la haki. Risasi zikipangwa bombani, ncha ya moja inagusa fataki ya iliyo mbele yake. Ncha ikiwa kali na ngumu, mshindo wa bunduki unaweza kuigongesha na kulipua bomba mkononi mwa mtu. Ndiyo maana risasi zake zina vichwa bapa, na kichwa bapa hupoteza mwendo upesi hewani. Browning alilitatua kwa ile ya 1895 kwa kuzipanga risasi moja juu ya nyingine katika kasha chini ya mwili. Kampuni ya Savage wakalitatua kwa magazini ya kuzunguka katika Model 99 yao. Halafu katikati ya miaka ya 2000 watengenezaji wa risasi Hornady wakaja na risasi yenye ncha kali ya mpira laini unaobonyea, na bunduki za babu zikapata umbali zaidi bila kubadilishwa hata msumari mmoja. Hilo ndilo badiliko ninalolivulia kofia.

Reli za kufungia tochi na darubini, vitako vya plastiki vyenye matundu, rangi za kijeshi: anayezitaka achukue. Zinafunguliwa kwa bisibisi.

Kinachonishangaza zaidi ni jinsi watu wanavyosahau swali la kufungua na kusafisha, ambalo kwangu ndilo la kwanza. Winchester ya 1894 ni nyepesi na inabebeka vizuri kuliko zote, lakini mwili wake umezibwa nyuma, kwa hiyo mtutu unasafishwa kutokea mdomoni, na kuifungua yote ni kazi ya kukaa chini na kupanga vipande kwa utaratibu. Marlin 336, iliyotoka 1948, unafungua skrubu moja ya wenzo, unachomoa wenzo, unavuta kufuli, na mtutu uko wazi kutokea nyuma. Karibu na bahari, bunduki inayofunguka hivyo itaoshwa, na inayosumbua itaahirishwa mpaka kesho, na kesho kutu imeingia.

Kampuni ya Marlin iliyumba baada ya kununuliwa na Remington mwaka 2007. Wapenzi wake walilalamikia sana kazi ya miaka ile. Remington walipofilisika mwaka 2020, Ruger wakainunua, na mwishoni mwa 2021 wakaanza kuzitoa upya, wakianza na Marlin 1895 SBL (si ile Winchester ya 1895) ya stenlesi na mbao za tabaka. Kufungua kwake ni kulekule kwa zamani, skrubu moja. Kitufe kimo bado, na naudhika.

Shemeji ameniuliza anunue ipi. Nimemwambia hiyo ya stenlesi, reli aifungue aiweke sandukuni, kitufe akiache daima upande usioizuia nyundo, na chemba iwe tupu mpaka amwone kulungu. Akishindwa kuiacha Winchester ya zamani, nayo ina uzuri wake, basi kabla ya bunduki anunue bisibisi yenye ncha isiyochongoka kama kabari, kwa sababu mifereji ya skrubu zile ni myembamba yenye kuta zilizonyooka, na bisibisi ya kawaida huitafuna siku ya kwanza.