Mashine ikikuita tapeli

Mtu wa Mwanga au Ujiji, mjini Kigoma, aliyelizwa kwa ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" akienda kuripoti, ataambiwa miezi na miezi kwamba upelelezi haujakamilika. Sababu mojawapo ni wingi wa data. Simu moja iliyokamatwa ina maelfu ya ujumbe na miamala, na mpelelezi akisoma mmoja mmoja hamalizi. Hapo wanaotetea uchimbaji data, yaani kuiachia programu ya kompyuta ipekue data nyingi na kutafuta yanayohusiana, wana hoja nzito. Programu hukusanya ujumbe unaofanana, huchora nani alimtumia nani pesa, na huonyesha kwamba laini kumi zilizosajiliwa kwa majina tofauti zimetumika kwenye simu moja, kwa kuwa namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe, ni ileile. Waliotapeliwa wana haki ya kupata msaada huo.

Ila programu hizo husaka pia mwenendo usio wa kawaida, na hapo ndipo ninaposita. Chukua mama anayenunua dagaa Kibirizi, hapohapo Kigoma. Dagaa huvuliwa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, wavuvi hupumzika, na laini yake inakaa siku kadhaa bila muamala wa maana. Giza likirudi, pesa zinamiminika kutoka kwa wateja wa mikoani, baadhi kwa namba ambazo hazijawahi kumtumia, na asubuhi hiyohiyo anazitoa zote kwa wakala ili awalipe wavuvi. Laini ya tapeli nayo huwa hivyohivyo. Programu iliyofundishwa kwa miamala ya Dar es Salaam haijui habari za mwezi.

Tuseme inakosea mara 1 tu katika kila 100, na inapitia laini 100,000 zenye matapeli 50. Itawatuhumu watu karibu 1,000 wasio na hatia pamoja na hao 50. Usahihi wa asilimia 99 unavutia sana mahakamani, hasa hakimu asipofanyiwa hesabu hiyo.

Uingereza, mfumo wa kompyuta wa posta uitwao Horizon ulionyesha upotevu wa fedha ambao haukuwapo, na watu zaidi ya 900 wakatiwa hatiani. Bunge lilipitisha sheria ya kuwafutia hatia mwaka 2024 tu. Ule haukuwa uchimbaji data, lakini kompyuta iliaminiwa kuliko watu.

Kwa hiyo naunga mkono uchimbaji data kama njia ya kujua pa kuanzia, basi. Kabla ya kufunga laini ya mtu, askari aulize wanaoijua biashara yake. Siku mbili za giza bila laini zinatosha kumvuruga na wavuvi wake. Tena hapa Tanzania, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaitaka mahakama ipime data ilitengenezwa na kutunzwa vipi. Wakili wa mshtakiwa aonyeshwe vigezo ambavyo programu ilivitumia, asipewe jibu lake peke yake.